Jina la Saba

Mtaani kwangu Migosi, hapa Kisumu, watu hawaniiti jina langu. Wananiita Dairekta. "Dairekta, picha inatoka lini?" Ndilo swali la muuza makaa, la fundi viatu, la mama jirani ambaye anajua vizuri kabisa kwamba hakuna picha inayotoka. Wanacheka, nami nacheka nao, halafu nawajibu vile ambavyo nimekuwa nikijibu miaka yote. Mimi ni mtengenezaji wa filamu za kutisha, filamu zangu ni nne, na hakuna hata moja iliyotengenezwa. Kama hilo ni la kuchekesha, haya, chekeni. Sijawahi kuomba radhi kwa jambo hilo na sitaanza leo.

Kazi hii niliianzia kwenye gari la sinema, miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi. Lilikuwa lori dogo lenye jenereta nyuma, na mimi na dereva tulizunguka nalo vijiji vya kando ya ziwa tukiwaonyesha watu picha za kunawa mikono, kupalilia pamba na kuchimba choo. Tulikuwa tukifunga kitambaa cheupe kwenye nguzo mbili, tunangoja jua lizame, kisha tunawasha mashine. Mimi ndiye niliyeiendesha, na mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti nikigeuza Kiingereza cha picha kuwa Dholuo, lugha yetu, na Kiswahili kidogo kwa ajili ya wageni.

Siku moja, jioni ya siku ya soko pale Otonglo, mkanda ulikatika. Kitambaa kilibaki cheupe, taa ya mashine imewaka, picha hakuna, na jenereta linakoroma huko nyuma. Umati wote ukanyamaza. Mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele aliwavuta watoto wake karibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo anayepumua huko nyuma ya kitambaa ni nani?" Nilikuwa nimeshika gundi ya kuungia mkanda na mikono yangu ikasimama. Kwa saa nzima tulikuwa tumewaonyesha minyoo ya tumboni imekuzwa hadi ikajaza kitambaa, na hakuna aliyejali, wengine walikuwa wanakula miwa. Sasa kitambaa kitupu kimewatisha. Pale pale nikajua kazi yangu hapa duniani ni ipi.

Si kwamba picha za kutisha hazikuwako. Kwenye majumba ya sinema mjini zilikuwa zinaletwa kutoka ng'ambo, za majumba ya mawe, theluji, na mzungu mwenye koti jeusi anayelala kwenye jeneza. Tulikuwa tunakwenda, tunatafuna njugu, tunamcheka. Nani mtaani Nyalenda ana chumba cha kuweka jeneza? Mtu wa Nyalenda ana chumba kimoja, na humo ndani mna kitanda, jiko, ndoo ya maji aliyoipigia foleni, na watoto watano. Mtu huyo ndiye niliyetaka kumtisha, ndani ya chumba hicho hicho, kwa vitu anavyovijua. Sikutaka kingine chochote.

Basi nikaandika. Nami nilikuwa nimepanga Nyalenda wakati huo, na nilitumia madaftari ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Hadithi ya kwanza ilikuwa ya jajuok. Kwetu huyo ni mtu wa kawaida mchana, pengine mwalimu, pengine shemeji yako, lakini giza likiingia damu ya ukoo wake humvua nguo na kumkimbiza kwenye maboma ya watu, anagonga milango, anarusha mchanga juu ya mabati. Nilitaka mabwana wa televisheni kule Nairobi waelewe bila shida, kwa hiyo nikalitafsiri neno lenyewe na kuandika juu ya ukurasa: Mkimbiaji wa Usiku. Miezi mitatu baadaye nikapata barua kutoka kwa bwana wa habari za michezo. Alinishukuru kwa hadithi ya mwanariadha, akasema taifa linahitaji vijana wa aina hiyo, akauliza mkimbiaji wangu anakimbia mita ngapi.

Nilimjibu. Nilimwandikia kwamba mita bado hatujapima, ila anakimbia uchi. Sikupata barua nyingine.

Ya pili ilikuwa ya wale wadudu wadogo wanaoinuka kutoka ziwani mpaka unadhani maji yanawaka moto. Niliandika kwamba wingu lao linatua kwenye boma la watu saba, na likiondoka boma lina watu wanane, na hakuna anayeweza kusema ni nani aliyezidi. Nairobi walijibu kwamba wadudu hawaigizi. Ya tatu ilikuwa mbaya, hata mimi nakubali, tuiache hapo.

Ya nne ndiyo iliyokula miaka yangu. Niliiita Kilio. Kwetu mtoto mchanga akilia siku nzima bila homa wala njaa, watu husema kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi. Nyanya humpakata na kumtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atanyamaza likitajwa, ndilo lake, hata kama ameshabatizwa kanisani. Hadithi yangu ilikuwa ya mtoto anayelia, na nyanya ambaye amemaliza majina yote mazuri. Limebaki moja tu, la mtu ambaye boma zima limeapa kutolitaja. Hakuna damu, hakuna meno. Ni mtoto, nyanya, na jina.

Safari hii barua iliyokuja ilikuwa ya mkubwa mpya wa vipindi. Alisema nimpelekee dakika chache tu za mfano, na zikimpendeza nitapewa vipindi kumi na tatu, kila Jumamosi, nchi nzima. Niliisoma nimesimama katikati ya barabara, baiskeli zinanikwepa, wenyewe wananitukana. Vipindi kumi na tatu, bwana. Ningeacha kuwanawisha watu mikono.

Kazini kulikuwa na kamera ya kutiwa ufunguo kama saa, na tepu rekoda kubwa ya kunasa sauti. Niliviazima kwa siku mbili. Nilimwambia bosi nakwenda kupiga picha za vyoo. Waigizaji nilikuwa nao nyumbani. Mama yangu, mjane, alikaa kijiji cha wavuvi upande wa Dunga, alikuwa anaanika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Mke wangu alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza miezi miwili kabla.

"Yaani unataka mwanangu alie ili wewe upate kazi," mke wangu alisema.

"Analia kila siku bure. Leo alie kwa faida."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho, halafu akaanza kumfunga mtoto mgongoni tuondoke. Hivyo ndivyo alivyokuwa anakubali mambo.

Tulifanya kazi mchana. Niliziba dirisha la Mama kwa blanketi nikaacha mwanga wa mlangoni tu. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilimtajia majina saba kwa mdomo ayashike. Sita yalikuwa ya watu wetu waliokufa vizuri, uzeeni, wamezungukwa na wajukuu. La saba lilikuwa la yule mtu mbaya wa hadithi, nami nilikuwa nimelibuni. Lilinijia siku moja nikioga, na kila nilipolisema ngozi ilinisisimka. Nikadhani huo ndio ustadi.

Mama alipolisikia aligeuka kunitazama. "Hili umelitoa wapi?"

"Nimelibuni, Mama."

"Umelibuni," alisema.

Kamera ile ukiitia ufunguo inakwenda nusu dakika tu, halafu inasimama. Mke wangu alikaa kando, nje ya picha, blauzi imefunguliwa tayari, na mtoto alikuwa analia kwa sababu titi lilikuwa limechelewa. Nikabonyeza. Mama akampakata mtoto, akataja majina sita, taratibu, kwa sauti nzuri ambayo sikujua kwamba anayo. Halafu akanyamaza. Kamera ikasimama, mtoto bado analia.

"Mama, umesahau la saba."

"Sijasahau."

Tukarudia. Majina sita, kimya, kamera ikasimama. Sasa nilianza kukasirika. Nilimwambia kuna watu Nairobi wanangoja, kwamba maisha yangu yote yako ndani ya kisanduku hiki, kwamba hili ni neno tu la mchezo na yeye ananiharibia kwa ukaidi. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama yangu mzazi. Najua nilivyosema na sijifichi.

Mara ya tatu alilitaja. Alilitaja akinitazama mimi, si mtoto. Na mtoto akanyamaza.

Hakunyamaza polepole. Alikata kilio kikiwa katikati, akamtazama nyanya yake kwa macho makavu, na chumbani ikabaki sauti ya kamera peke yake mpaka ufunguo ukaisha. Mimi, mjinga wa kwanza, nikapiga makofi. Ilikuwa nzuri mno. Kisha nikaona mke wangu ameziba mdomo kwa mkono.

"Limeshika," Mama alisema.

"Mama, hii ni filamu."

"Mtoto anajua filamu ni nini?"

Najua unaweza kusema mtoto alisikia harufu ya maziwa ya mama yake, au alichoka. Niliyasema hayo yote siku ile. Mama aliniacha niseme mpaka nikamaliza, halafu akanieleza alilokuwa amelifunga miaka yote tangu nikiwa mdogo.

Jina lile sikulibuni. Lilikuwa la ndugu wa baba yangu. Walitoka wawili, yeye na Baba, asubuhi na mtumbwi, akarudi mmoja, yeye, nguo zake kavu. Hakueleza chochote kinachoeleweka. Baba yangu aliokotwa siku ya tatu. Yule ndugu akahama kabla ya matanga kwisha, akaenda upande wa Tanganyika, na Mama akakataza jina lake lisitajwe bomani tena. Nilikuwa na miaka mitatu.

"Ulikuwa unampenda," Mama alisema. "Akirudi ziwani ulikuwa unakimbia mpaka majini unamwita. Nilikuchapa mara mbili ndipo ukaacha kuliita. Nilidhani umesahau."

Alimpa mke wangu mtoto anyonye, akakaa kwenye kigoda, mikono magotini. "Basi amekufa," alisema. Kwani jina la aliye hai haliji hivyo, hilo hata mimi nilijua. Hakulia, na sijui kama alifurahi. Mwishowe alinyanyuka akajifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. "Alikimbia ili nisimwite mbele ya watu, ajibu lililotokea. Sasa amekuja kulala nyumbani mwangu. Vizuri. Nitaliita hilo jina mpaka lichoke."

Alinidai kitu kimoja tu. "Nipe sauti. Picha kaa nayo."

Nikampa utepe wa sauti. Nilifikiri atauchoma. Kumbe aliufungua wote akaufunga kwenye vijiti shambani mwake kufukuza ndege waliokuwa wanamaliza mtama. Upepo wa ziwa ukivuma utepe ulikuwa unavuma nao, na ndege hawakutua msimu ule. Kwa hiyo mtu asiniambie kazi yangu haikutisha kitu.

Mkubwa wa vipindi alikuja Kisumu mwenyewe, amefunga tai, kijana wa rika langu. Nikamwonyesha picha bila sauti, ofisini, mapazia yamefungwa. Alitazama akiwa ameinamia mbele, na mtoto aliponyamaza nikaona ameshika ukingo wa kiti. Nilimwona kwa macho yangu haya. Taa ilipowaka akakohoa, akawa mkubwa tena.

"Nzuri," alisema. "Halafu?"

"Halafu basi."

"Basi vipi? Huyu kikongwe lazima afanye kitu. Mvalishe ngozi, mpe vibuyu, moshi utoke. Mtazamaji aone wazi kwamba ni mchawi. Watu wa huku si ndiyo mambo yenu? Na hilo jina la mwisho tutaweka jingine, rahisi kutamka."

"Huyo ni mama yangu," nilisema.

Alidhani nafanya mzaha, akacheka. Nikatoa mkanda kwenye mashine nikaanza kuuzungusha kurudi kwenye kopo lake, polepole, kwa sababu ukifanya haraka unakwaruza. Alinikumbusha vipindi kumi na tatu. Nikamwambia nyanya kwenye filamu yangu hana ngozi wala kibuyu, ana kanga na mikono inayonuka omena, na anaogopa kuliko mtazamaji. Ukimgeuza mchawi, kila mtu ataenda kulala kwa amani, maana mchawi ni jirani, siku zote ni jirani. Na jina jingine halitamnyamazisha mtoto. Akasema ninaringa. Nikasema ndiyo, naringa. Nilifunga kopo nikatoka nalo, na Jumatatu yake nilikuwa tena kijijini nawaeleza watu urefu wa shimo la choo.

Watu waliniambia nilikuwa mpumbavu, mke wangu akiwa wa kwanza, ingawa alisema huku ananipakulia nyama zaidi. Mimi sijuti. Ningetengeneza ile picha ya vibuyu, leo Migosi nzima ingenisalimu kwa heshima, na mama yangu angekuwa mchawi katika kila sebule yenye televisheni. Ng'o.

Lakini kuna jambo moja ninaloona aibu kulisema, na nitalisema. Mama alitimiza neno lake. Binti yetu alipelekwa kwake kila likizo, na kila asubuhi Mama alisimama ufuoni akaita jina lile, jina la mwanamume, kwa sauti ya kufika kwenye mitumbwi. Njoo unywe uji. Leta ungo. Nani amefungua mbuzi. Mwanzoni wazee walikuwa wanageuka. Mwaka wa pili hawakugeuka tena, wa tatu lilikuwa jina la mtoto mtundu wa pale kwa muuza omena. Mke wangu naye aliliita. Mimi sikuliita. Mimi, mtu wa kutisha watu, nilimwita binti yangu "mama," "mrembo," "we mtoto," chochote kile. Kila nilipofungua mdomo niliona nguo kavu.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea kuisha, binti ana miaka minane au tisa, ofisi ilipotupa ile projekta yetu ya zamani nikaichukua. Nikaibeba na jenereta la kuazima mpaka kwa Mama, kwa sababu mtoto alikuwa amesikia kuna picha ambayo yumo na hakunipa amani. Ilikuwa mchana, Mama yuko nje anageuza omena kwenye nyavu. Niliziba dirisha lile lile kwa blanketi, nikamkalisha mtoto kwenye kigoda, nikawasha.

Nyanya yake akatokea ukutani, kijana kidogo kuliko sasa, amempakata mtoto mdogo anayelia bila sauti. Midomo ikaanza kutaja. La kwanza, la pili. Binti yangu akaifuata midomo kwa macho. La tano, la sita. Mama wa ukutani akainua macho yake kwenye kamera na midomo ikafanya lile la saba, bila sauti yoyote, kwa sababu sauti ilikwisha zamani kwenye mtama.

"Naam, Dani," mtoto aliitika. Dani ni nyanya, kwetu.

Kutoka nje Mama akajibu, "Sijakuita."

Mtoto akageuka akatazama mlango, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Nywele zilinisimama, nakwambia. Miaka yote niliyokuwa nikiandika, ndicho nilichokuwa nakitafuta, na sasa kimekaa mbele yangu kwenye kigoda kimevaa sare ya shule, kinaogopa, na ni mwanangu.

"Ni mimi, Mama," nilisema. "Ni mimi niliyemwita."

"Basi mwite kwa sauti," Mama alisema, "mtoto akujue."

Nikaliita. Hapa siliandiki, na si kwa woga, ni jina lake, mkimwona mwulizeni atawaambia. Nililiita mara moja, kwa nguvu, kama nilivyokuwa nikiliita nikikimbilia majini.

"Naam, Baba," akasema, akavuta kigoda karibu na ukuta. "Rudisha nyuma. Nataka kuona tena pale ninaponyamaza."